Baba mkwe hataki nimkague kabla hatujazama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Usenge, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Nafanya kazi ya kupiga mbizi kwenye vizimba vya samaki humu Ziwa Victoria. Si ile mbizi ya watalii. Tunazama kuokota samaki waliokufa, kushona nyavu zilizotoboka na kuangalia kama kamba za nanga zimelika. Maji ni ya matope. Siku mbaya nikinyoosha mkono sioni vidole vyangu. Kina ni mita saba, nane hivi, penye nanga labda tisa.

Tuko wawili majini, na mwenzangu ni baba mkwe. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Alikaa Mombasa miaka mingi akisugua meli bandarini, akarudi nyumbani na ujuzi wake, na anaheshimika kwa hilo. Mimi mwajiri alinipeleka kozi fupi huko pwani, nikafundishwa kwamba kabla ya kuzama wenza wawili wanakaguana: jaketi la kuelea, vizito, vifungo, hewa, halafu mnaangaliana mara ya mwisho kutoka kichwani hadi miguuni. Niliporudi nikajaribu kumfanyia mzee hivyo. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya pili akaniambia mbele ya vijana wa boti, "Unanipekua kama polisi wa trafiki. Mimi naanza kazi hii wewe hujazaliwa."

Nikaacha. Unajua mambo ya ukweni, Shangazi. Hata kula naye meza moja kuna adabu zake, sasa nitamshikaje kiunoni kukagua mkanda wa vizito?

Mwezi uliopita tulikuwa chini ya kizimba cha mwisho, nikahisi mtu ananikamata mkono kwa nguvu. Alikuwa yeye, amekosa pumzi. Akapapasa kifuani kwangu akitafuta mdomo wangu wa akiba, yaani kile kifaa cha pili cha kuvutia hewa ya mtungi wangu, nao ulikuwa umejificha nyuma ya kwapa, umening'inia. Nikauvuta nikampa, tukapanda pamoja. Kwenye boti nikashika koki ya mtungi wake: ilikuwa imefunguliwa kidogo tu, hata nusu mzunguko haifiki. Geji ya presha ya mtungi ilisoma bar 140, yaani hewa bado ilikuwa nyingi. Yeye akasema mtungi ni mbovu na kijana anayejaza mitungi ni mzembe. Huyo kijana nusura afutwe.

Kuna lingine. Kifungo cha mkanda wake wa vizito kilivunjika kitambo, sasa anaufunga kwa kamba ya nailoni, mafundo mawili. Na bado anavaa zile kilo nane alizokuwa akivaa Mombasa. Nikigusia ananiambia, "Hapa si baharini. Mita nane hizi mtu anapanda kwa pumzi moja."

Mke wangu anasema nisimuudhi babake. Bosi yuko Kisumu mjini, anakuja mara moja moja. Nikimripoti, nimemuaibisha mzee aliyenipa binti na kazi. Nikinyamaza, silali. Nifanyeje?

Na swali dogo: Ijumaa tukimaliza kazi mchana, jioni huwa napanda matatu kwenda Nakuru kwa dadangu. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye kozini alisema si vizuri kupanda milima baada ya kupiga mbizi. Ni kweli ama ni porojo?

Mkwe Majini, Usenge

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ule mshtuko. Hukuandika tu kwamba ulimtoa mzee salama, lakini ulimtoa. Kuna watu wenye vyeti vikubwa kuliko chako ambao wangekimbilia juu peke yao.

Nianze na huyo kijana wa mitungi, maana ndiye aliyekaribia kumwaga unga bila kosa. Mtungi wenye bar 140 si mbovu. Koki ndiyo iliyokuwa karibu kufungwa, na nadhani najua ilivyofika hapo. Wapiga mbizi wa zamani walifundishwa kufungua koki hadi mwisho kisha kuirudisha kidogo, eti isigande. Sasa chukua mtu wa pili mwenye nia njema, labda yeyote wa kwenye boti, anapita na kuishika ili ahakikishe. Anazungusha upande wa kufunga akidhani anafungua, inafika mwisho, halafu naye anarudisha kidogo kwa mazoea yale yale. Mtungi unabaki umefunguliwa robo mzunguko na kila mtu ameridhika. Siku hizi mafundisho ni kufungua hadi mwisho na kuacha hapo hapo. Iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, hakuna katikati. Na baada ya mwenye mtungi kufungua, mkono wa mtu mwingine usiiguse.

Utauliza, mbona juu alipumua vizuri? Kwa sababu juu hewa inayohitajika ni kidogo, na hata tundu dogo linatosha. Ukishuka, kila pumzi inabeba hewa nyingi zaidi ili ijaze mapafu yale yale dhidi ya uzito wa maji. Hapo ndipo tundu dogo linashindwa, hasa ukiwa unavuta kamba ya nanga na kuhema.

Na hapa ndipo ule msemo wa "hapa si baharini" unapomgeukia mzee wetu. Ni kweli si baharini. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ya boti yenu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kule bandarini alihitaji kushuka mita 10 ndipo presha iwe maradufu ya ile ya juu. Hapa inakuwa hivyo kwenye kama mita 9. Yaani penye nanga zenu. Jedwali la mbizi alilolizoea kule, lile la kuhesabu mtu akae chini muda gani, na kompyuta ya mbizi inayofanya hesabu hiyo hiyo lakini haijarekebishwa kwa mwinuko, haviwafai huku kama vilivyo. Kuanzia mita 300 juu ya usawa wa bahari wapiga mbizi huhesabu kwamba wako mlimani. Nyinyi mmepita hapo mbali.

Hiyo "pumzi moja" ndiyo ilinitia baridi kuliko hata koki. Mvuvi anayejitosa bila mtungi amevuta pumzi yake juu, na akirudi juu inarudi ilivyokuwa. Lakini mtu aliyevuta hewa ya mtungi akiwa mita nane, kisha akaibana kifuani na kukimbilia juu, hewa ile itataka nafasi karibu maradufu kabla hajafika kwenye boti. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja na kitu. Kina kifupi hakimkingi mtu na hili. Mabadiliko makubwa ya presha yako karibu na juu, pale pale mnapofanyia kazi. Mkipanda kwa dharura, mdomo utoe mapovu polepole njia nzima. Hili mlizungumze mkiwa nchi kavu, wote wawili.

Sasa tuje ukweni.

Mwanangu, ulimwendea mzee kama mkaguzi, naye akajibu kama anayekaguliwa. Umri wake, cheo chake nyumbani na vijana wa boti wanaotazama, vyote vilikuwa upande wake. Lakini rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mzee alipokosa hewa, alipapasa kifua chako na hakupata mdomo wa akiba, kwa sababu ulikuwa kwapani. Hata angekuwa amefungua koki yake sawasawa, vifaa vyako vilikuwa na kasoro ambayo yeye ndiye angeilipia. Kukaguana si kumtafutia mwenzako makosa. Ni mikono yako kujua pumzi yake iko wapi, na yake kujua ya kwako, kwa sababu mtakapohitaji kujua hamtakuwa mnaona kitu.

Kwa hiyo kesho asubuhi usimkague. Mwombe akukague yeye. Mwambie, "Baba, siku ile ulitafuta mdomo wangu wa akiba ukakosa. Nionyeshe unataka ukae wapi." Sijawahi kuona mzee wa Nyanza anayekataa kuombwa amwelekeze kijana. Atakuambia uubane kifuani, kati ya kidevu na mbavu, mahali mkono unafika gizani, na mpira wake usilegee ukanasa kwenye nyavu. Akimaliza hapo, endelea kumuuliza: je, vizito vyangu vinaachia kwa upande gani? Jaketi langu linatoaje hewa? Mwache ashike, avute, abonyeze. Wewe ni mtoto wake, hakuna mwiko wa yeye kukugusa begani.

Kisha yake. Hapa hakuna haja ya kumshika kiunoni. Kila mtu anashika vifaa vyake mwenyewe na kutaja kwa sauti, mwenzake anatazama na kusikia. Yeye ataanza kwa sababu ni mkubwa, na wewe utafuata. Jaketi: ajaze, asikilize kama linavuja, atoe hewa. Vizito: aonyeshe kifungo cha mkanda kinapovutwa. Vifungo vya mtungi na mabega: avishike kimoja kimoja. Wewe macho yako tu. Anayefundisha darasani pwani angependa mikono yako ipite pia, na mahali ambapo hakuna ukwe ningekuambia hivyo hivyo. Hapa naona bora ukaguzi wa macho unaofanyika kila siku kuliko wa mikono usiofanyika kabisa.

Hewa ndiyo msilegeze hata kidogo, na kwa bahati nzuri haihitaji kugusana. Kila mmoja ashike geji yake mbele ya macho ya mwenzake, avute pumzi nne nzito kwenye mdomo mkuu huku nyote mkitazama sindano, kisha avute na ule wa akiba. Sindano ikikaa pale pale, tuseme kwenye 200, koki iko wazi. Ikiwa inashuka kila anapovuta na kurudi anapoacha, koki imefunguliwa nusunusu: ndiyo ile ya mwezi uliopita, mngeiona kabla ya kuingia majini. Ikishuka na isirudi, koki imefungwa na anavuta hewa iliyobaki kwenye mpira. Wengi hupumua mara moja wakitazama mawingu, halafu wanasema hewa iko. Pumzi moja haionyeshi kitu.

Mkiwa hapo, nuseni na kuonja. Hewa ikiwa na harufu ya mafuta au ya moshi, mtungi huo urudi. Ila moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, kwa hiyo mwambieni huyo kijana (mkishamwomba radhi) mpira wa kompresa (mashine ya kujaza mitungi) unaovuta hewa ukae upande upepo unakotoka, mbali na injini ya boti.

Fundo la nailoni. Hapa sitabembeleza. Mkanda wa vizito lazima uachie kwa mkono mmoja, mvuto mmoja, na uanguke wote. Mafundo mawili yaliyolowa, gizani, vidole vimekufa ganzi, mwenye mkanda amepoteza fahamu na wewe ndiye unayefungua? Hutafungua. Utamwinua mtu pamoja na kilo nane za vizito kutoka kwenye matope. Utahitaji kisu, na sijui kama unacho. Kwenye kazi ya nyavu kila mmoja wenu anapaswa kuwa na kisu au mkasi mahali mikono yote miwili inafika. Kifungo kipya cha mkanda ni kitu kidogo ukilinganisha na mtungi. Kinunue wewe. Mpelekee kama zawadi, si kama lawama: "Baba, nilikuwa nanunua changu nikachukua viwili." Huo uongo mdogo nakuruhusu.

Kuhusu kilo zenyewe, maji ya chumvi hubeba mwili kuliko ya ziwa. Kama mzee na vifaa vyake vyote vina kilo 100 hivi, kutoka baharini kuja ziwani anatakiwa kupunguza kama kilo 2 na nusu. Anayebeba vizito vya Mombasa huku anakwenda chini haraka, anatua kwenye matope, anachafua maji yaliyobaki, kisha anajaza hewa nyingi kwenye jaketi ili ajiinue. Msibishane kwa hesabu. Pimaneni kando ya boti mtungi ukiwa umebaki na bar 50 hivi: jaketi tupu, amevuta pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho, akitoa pumzi, azame taratibu. Akizama kabla hajatoa pumzi, vizito vimezidi. Anza na wewe, mzee atazame. Udadisi utamfanya ajipime mwenyewe, wazee wa bandari huwa hivyo.

Kisha sheria ya boti, isiyo ya mkwe wala baba mkwe. Zungumza na anayeendesha boti. Kabla ya mtu yeyote kuruka, yeye ndiye aulize kwa sauti: hewa? vizito? akiba? Mmoja mmoja ajibu. Mzee hatakuwa anajibu kijana aliyeoa bintiye, atakuwa anamjibu nahodha, na Mombasa alijibu manahodha miaka yote. Bosi naye mwambie mambo mawili tu: mnahitaji utaratibu huo uandikwe na ubandikwe kwenye boti, na kuna mkanda mmoja uliokosa kifungo. Usitaje ni wa nani. Mko wawili, atajua, lakini hutakuwa umemtaja. Yeye ana jukumu hilo kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kazi ni salama, na inakutaka wewe uripoti hatari kubwa ukiiona. Hatakiwi kukurudisha hapo kabla hajairekebisha.

Kama baada ya yote haya mzee atakataa kutazama sindano pamoja nawe, siku hiyo usizame. Kaa kwenye boti, useme kichwa kinauma ukipenda. Halafu jioni usimwendee wewe. Mwendee yule aliyekusemea siku ya mahari, umweleze, naye aende. Mambo ya ukweni yana mlango wake, na huo ndio.

Mke wako anakuomba usimuudhi babake. Nina mashaka kama umemwambia kilichotokea chini ya kizimba cha mwisho. Mwambie. Kama ninavyowajua mabinti wa wazee wa namna hiyo, yeye ataongea na babake kwa ukali ambao wewe hutauthubutu.

Nakuru: jamaa yako hakupiga porojo. Mkiwa chini, mwili unameza naitrojeni, nayo inatoka taratibu mkishapanda. Ukienda mahali pa juu kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo na damu. Kwa mita nane unameza kidogo, lakini nyinyi mnazama mara kadhaa kwa siku, siku baada ya siku. Ushauri unaotolewa kwa wanaopanda ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za mfululizo kama zenu. Barabara ya Kericho na Mau Summit inakupitisha zaidi ya mita 2,400, karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege, na Nakuru kwenyewe ni juu kuliko Usenge. Lala nyumbani Ijumaa, ucheze na mtoto, upande matatu ya Jumamosi saa sita mchana. Na ukianza kuumwa viungo au kufa ganzi njiani, shuka hospitali ya karibu na useme wazi kwamba ulikuwa unapiga mbizi, maana daktari wa Kericho hatalifikiria hilo mwenyewe.